Chewa wa Mwambani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka mingi. Mengine yalitoka mnadani alfajiri, mengine kwa wanafunzi, mengine kwa wageni wanaokuja kupiga mbizi, na mengine kwa mama zetu walio jikoni na kisu mkononi. Yanayofanana nimeyaunganisha. Swali likigusa jambo lililojibiwa kwingine, nimekuelekeza uende huko badala ya kulirudia.

## Kumjua

Chewa ni samaki gani hasa?

Ni jina la jamii nzima. Duniani kuna aina zaidi ya 160 za chewa, kuanzia wale wekundu wenye vitone vya buluu wanaoenea kwenye sahani, hadi yule anayemzidi uzito ng'ombe wa kienyeji. Wote wana mwili mnene, mdomo mpana ambao taya la chini limetangulia mbele ya lile la juu, na pezi la mgongoni ambalo sehemu yake ya mbele ni miiba mitupu.

Ukitaka kuhakikisha, hesabu miiba hiyo. Chewa wakubwa wa pwani yetu, wale ambao jina lao la kisayansi huanza na *Epinephelus*, karibu wote wanayo 11. Wale wadogo wekundu wa *Cephalopholis* wanayo 9. Mlaze samaki ubavu, inua pezi kwa kidole kutoka nyuma kwenda mbele, na fanya taratibu, maana mwiba wake ukikuchoma kidonda hakiponi upesi.

Chewa, tewa na hamuri ni samaki watatu tofauti?

Hapana. Wavuvi wengi wa pwani ya Kenya husema tewa, Tanga na Zanzibar tunasema chewa, na ni jamii ileile. Hamuri ni jina ambalo ndugu zetu walioko Oman na Dubai wamelichukua kutoka kwa Waarabu. Huko, anayeitwa hivyo sokoni hasa ni *Epinephelus coioides*, mwenye madoa ya rangi ya chungwa. Huyo yuko hata kwetu, hupenda midomo ya mito na maji ya tope kidogo.

Aliye mkubwa kuliko wote hufikia ukubwa gani?

Ni *Epinephelus lanceolatus*. Ameandikwa kufikia urefu wa sentimita 270 na uzito wa kilo 400, na hakuna samaki wa mwambani mwenye mifupa anayemfikia. (Papa na taa hawamo kwenye hesabu hii, maana wao mifupa yao ni gegedu.) Anapatikana kutoka Bahari ya Shamu hadi Afrika Kusini, na kuelekea mashariki hadi Hawaii. Lakini usitegemee kumwona wa kipimo hicho. Wengi wanaoonekana ni wa mita moja na nusu hadi mbili, na hata huyo akijitokeza pangoni pumzi inakukatika.

Nitawatofautishaje wale wakubwa?

Wanne ndio wanaochanganya watu.

*Lanceolatus* akiwa mtoto ni wa manjano na mabaka meusi, mzuri ajabu. Akikua anakuwa wa kijivu chenye madoadoa, na macho yake yanaonekana madogo kuliko yanavyomstahili. *Epinephelus tukula*, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1959 na Morgans, mtafiti wa samaki wa Afrika Mashariki, ana mabaka meusi makubwa yaliyoachana, na mistari myeusi inayotawanyika kutoka kwenye jicho. Huyu hufikia mita 2.

Wawili waliobaki ni *fuscoguttatus* na *polyphekadion*, wote wa kahawia wenye madoa, na hata wavuvi wazoefu huwachanganya. Mtazame kwa ubavu. *Fuscoguttatus* ana kibonyeo juu ya macho, kama mtu aliyekandamizwa paji la uso kwa kidole gumba, ilhali mwenzake kichwa chake kimepinda vizuri bila bonde.

## Anavyoishi na anavyowinda

Anakaa wapi?

Penye pango, ufa au kivuli: chini ya matumbawe makubwa, kwenye mabaki ya meli zilizozama, chini ya magati. Mkubwa wa *lanceolatus* huingia hata kwenye midomo ya mito na bandarini. Wadogo hulelewa kwenye nyasi bahari, mikokoni na kwenye vifusi vya matumbawe, kwa hiyo mikoko ikikatwa, miaka kadhaa baadaye mvuvi wa mwamba wa nje ataliona pengo.

Chewa ana kwake. Ukimwona leo kwenye pango fulani, rudi baada ya mwezi na huenda ukamkuta palepale. Ndiyo maana ni rahisi kumpenda, na ni rahisi vilevile kummaliza.

Anakula nini, na anakamataje ilhali meno yake ni madogo?

Meno ni ya kuzuia tu. Ni madogo, mengi, yamelala kuelekea kooni, kazi yake ni kuhakikisha kilichoingia hakirudi. Silaha yenyewe ni mdomo. Chewa hutulia kama jiwe hadi windo lifike karibu, kisha hupanua taya na mashavu kwa ghafla, na maji yakivutwa ndani windo linaingia nayo. Humeza mzima. Jicho la mtu haliwezi kulifuata tendo hilo: kulikuwa na samaki, sasa hakuna.

Hula kaa, pweza, samaki wa kila namna, na kwa *lanceolatus* mkubwa hata papa wadogo, taa na watoto wa kasa. Ila kitu anachokipenda kwelikweli ni kamba koche. Nikiwa mtoto Tanga, baba alileta chewa aliyemvua kwa mshipi, na mimi ndiye niliyeshika taa wakati wa kumpasua. Tumboni mlikuwa na kamba koche wawili. Mmoja alikuwa bado na rangi zake zote, ndevu zake ndefu zimekunjwa mara mbili kama kamba ya mtumbwi, gamba halijaanza hata kulainika. Baba akamwosha, akamweka kando, akasema, "Huyu kaliwa leo asubuhi, mwanangu, nasi tutamla usiku."

Saa zake za kuwinda hasa ni alfajiri na magharibi, wakati mwanga unapowachanganya samaki wadogo.

Ni kweli kwamba chewa hushirikiana na mkunga kuwinda?

Ni kweli, na imethibitishwa vizuri. Mwaka 2006 Redouan Bshary na wenzake walichapisha utafiti wao wa Bahari ya Shamu juu ya chewa wa aina ya *Plectropomus* na mkunga mkubwa, samaki mrefu kama nyoka aitwaye *Gymnothorax javanicus*. Chewa huenda mpaka kwenye tundu la mkunga mchana, wakati mkunga kwa kawaida amepumzika, akasimama mbele ya uso wake na kutikisa kichwa harakaharaka. Mkunga akikubali hutoka, na wawili hao huogelea ubavu kwa ubavu mwambani kama watu waliotoka pamoja kwenda sokoni.

Faida ni ya wazi. Samaki akimkimbia chewa hujificha kwenye ufa, asikoweza kuingia mtu mnene. Akimkimbia mkunga hutoka nje kwenye maji wazi. Wakiwa wote wawili hana pa kwenda. Na kwa kuwa kila mmoja humeza windo zima, hawana cha kugombania: wa kwanza kufika ndiye aliyekula. Chewa aliyewinda na mkunga hupata zaidi kuliko aliyewinda peke yake.

Mwaka 2013 watafiti wakaongeza jingine. Windo likijificha mahali asipolifikia, chewa husimama juu ya tundu hilo kichwa chini mkia juu, akitikisa kichwa, mpaka mwenzake aje kuangalia. Yaani anaonyesha mahali, kama sisi tunavyonyosha kidole. Huko Australia jamaa zake hufanya hivyo hata kwa pweza. Mimi hili ndilo linalonifanya nimheshimu samaki huyu kuliko ukubwa wake.

Mbona wakati mwingine anaachama mdomo na samaki wadogo wanaingia na kutoka salama?

Anasafishwa. Wapo samaki wadogo wenye mstari mweusi ubavuni, *Labroides dimidiatus*, ambao kazi yao ni kula wadudu wanaowanyonya samaki wengine. Chewa huenda kwenye kituo chao, hutulia, hufungua mdomo na mashavu, nao huingia hadi ndani. Mara nyingi hubadili rangi akiwa hapo, akapauka au kuiva. Ukikuta hali hiyo ukiwa majini, kaa mbali na usipige picha kwa taa. Akishtuka ataondoka, na wadudu wake wamebaki.

Ule mngurumo unaosikika ni wake?

Ndiyo. Wakubwa hutikisa kibofu cha hewa kwa misuli na kutoa mvumo mzito unaousikia kifuani kabla haujafika sikioni. Ni onyo. Rudi nyuma taratibu.

## Kuzaa na kubadili jinsia

Ni kweli chewa huanza akiwa jike kisha akawa dume?

Kwa aina nyingi, ndiyo. Huanza maisha wakiwa majike, hutaga kwa miaka kadhaa, halafu baadhi yao wakishakuwa wakubwa ovari hugeuka na kuanza kutengeneza manii. Si kila aina hufuata njia hiyo, na hata ndani ya aina moja si kila jike hugeuka.

Sababu yake ni ukubwa. Dume mkubwa huweza kulilinda eneo na kurutubisha mayai ya majike wengi, ilhali dume mdogo hufukuzwa. Kwa hiyo inalipa kuwa jike ukiwa mdogo na dume ukiwa mkubwa.

Sasa fikiria mvuvi anachagua yupi. Kila mtu anamtaka aliye mkubwa, na mkubwa ndiye dume. Katika Ghuba ya Mexico, kwa chewa aitwaye *Mycteroperca microlepis*, madume walikuwa takriban 17% ya samaki miaka ya 1970. Kufikia miaka ya 1990 walikuwa wamebaki karibu 2%. Majike walikuwepo na mayai yalikuwepo, wa kuyarutubisha ndio waliokuwa wanakwisha. Mwamba unaweza kuonekana una chewa wengi wa kilo 2 na 3 kumbe hauna wazazi wa kutosha.

Hukusanyika lini, na kwa nini wavuvi wanaambiwa wasivue hapo?

Chewa huishi peke yake karibu mwaka mzima. Lakini aina kadhaa husafiri, kila mmoja kutoka kwenye pango lake, na kukutana mahali palepale pa kila mwaka, kwa kufuata mwezi, ili kutaga. Mayai huachwa majini, yakarutubishwa hukohuko na kuchukuliwa na mkondo. Vifaranga huelea baharini wiki kadhaa kabla ya kutua.

Kwetu hapa, watafiti wameufuatilia mkusanyiko wa *fuscoguttatus* kwenye mwamba wa Diani, kusini mwa Mombasa, unaofanyika majira ya kaskazi. Visiwa vya nje vya Ushelisheli, kama Farquhar, navyo vina mikusanyiko ya aina hiyo.

Tatizo ni kwamba mvuvi akipaona hapo, anadhani bahari imejaa. Chewa wa mwamba mrefu wa maili nyingi wamejikusanya mahali padogo kama uwanja wa mpira, na siku chache za mshipi zinatosha kuuondoa uzazi wa eneo lote. Huko Little Cayman, visiwa vya Karibi, mwaka 2001 wavuvi waliukuta mkusanyiko wa chewa wapatao 7,000. Kwa misimu miwili walivua takriban 4,000. Mwaka 2003 serikali ikapiga marufuku kuvua hapo wakati wa kutaga, na katika miaka iliyofuata idadi ikapanda zaidi ya mara tatu. Ilichukua zaidi ya miaka 10, lakini walirudi.

Wazee wengi wa kwetu wanapajua mahali kama hapo na hawapataji. Wanafanya vizuri kutopataja. Ila wakae na maofisa na kamati za usimamizi wa fukwe wa vijiji vyao, pafungwe kwa miezi hiyo tu.

Anaishi miaka mingapi?

*Fuscoguttatus* aliyechunguzwa kwenye Mwamba Mkuu wa Australia alifikisha miaka 42. Jike wa aina hiyo hukomaa akiwa na miaka 9 hivi, akiwa na urefu wa nusu mita na zaidi kidogo. Umri husomwa kwenye jiwe la sikio, kijiwe cheupe kilicho ndani ya kichwa: kikikatwa kina pete za miaka kama mti. Kwa hiyo chewa wa nusu mita unayemwona mnadani huenda hajawahi kutaga hata mara moja.

## Kwa mvuvi na mpishi

Samaki akitolewa kina kirefu, ile nyama nyekundu inayotoka mdomoni ni nini?

Ni tumbo lake. Kibofu cha hewa kimevimba kwa sababu mgandamizo wa maji umepungua ghafla, na kimelisukuma tumbo nje. Watu hulitoboa wakidhani wanatoa hewa. Usilitoboe, hewa haimo humo na utamuua. Kama unataka kumrudisha, mfungie uzito kwenye taya kwa ndoana isiyo na ncha ya nyuma, mshushe upesi mpaka kina alichotoka, kisha vuta kamba ili ndoana ichomoke. Mgandamizo wa kule chini utakifanya kibofu kinywee chenyewe.

Nimenasa chewa mkubwa sana. Nimrudishe?

Ningekuomba umrudishe, na najua ninachokuomba. Kilo 60 za samaki ni ada ya shule. Lakini soma tena jibu la jinsia na lile la umri: huyo mmoja amechukua miongo kufika hapo, na huenda ndiye dume wa mwamba wako mzima. Zaidi ya hayo, aliye mkubwa hivyo ndiye mwenye hatari zaidi kwa mlaji (tazama swali linalofuata).

Akiingia kwenye dema (mtego wa samaki) bado mdogo, usisite. Mtoe mara moja akiwa hai.

Je, chewa ana sumu?

Nyama yake kwa asili haina sumu. Lakini kuna vijimea vidogo vinavyoota juu ya mwani wa mwambani, *Gambierdiscus*, vyenye sumu inayoleta ugonjwa uitwao siguatera. Samaki mdogo hula mwani, wa kati humla mdogo, chewa humla wa kati, na sumu huzidi kukusanyika kila ngazi. Mauritius na Réunion zimepata wagonjwa wake kwa muda mrefu.

Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga, kugandisha wala kutia ndimu, na samaki hanuki wala habadiliki ladha. Dalili huanza saa chache baada ya kula: kutapika, kuharisha, ganzi ya midomo na vidole, kuwashwa, na ile isiyosahaulika, kugusa kitu cha baridi ukahisi kimekuunguza. Ukiona hivyo nenda hospitali na useme ulikula samaki gani. Kujikinga, epuka chewa mkubwa mno, na usile ini wala mayai yake, maana ndimo sumu inapojaa. Wajawazito wana sababu nyingine ya kumwepuka mkubwa: zebaki nayo hupanda kwa ngazi hizohizo.

Sehemu gani ni tamu?

Mashavu, bila ubishi. Kichwa cha chewa wa kilo 2 au 3 aliyekomaa kikipikwa kwa tui na ukwaju hakihitaji kingine.

Anafugwa?

Ndiyo, sana Asia. Chuo Kikuu cha Malaysia Sabah kilimzalisha chotara wa jike la *fuscoguttatus* na dume la *lanceolatus*, anayekua haraka na kuuzwa akiwa hai kwenye masoko kama Hong Kong. Gharama yake ni chakula, kwa kuwa chewa hula samaki, na samaki hao lazima watoke mahali.

## Maswali ya pembeni

Anaweza kummeza mtu?

Swali hili huulizwa na kila mtoto na nusu ya watu wazima. Chewa hamtafuti mtu. Ajali zinazotokea nyingi ni za mtu aliyebeba samaki waliochomwa kwa mshale majini: chewa huja kwa samaki, na mkono ukiwa njiani hupata majeraha. (Tanzania na Kenya zimeupiga marufuku uvuvi wa bunduki ya mishale, kwa hiyo sababu ya kwanza ya kuacha ni sheria.) Ukikutana naye kwenye mlango wa pango, mwachie njia ya kutokea.

Kuna ubaya kumlisha ili wageni wamwone?

Upo. Chewa anajifunza upesi sana. Akishazoea kwamba binadamu ana chakula, humfuata yeyote na kumdonoa vidole, halafu siku moja humfuata mwenye ndoana kwa imani ileile.

Hali yake ikoje, yuko hatarini?

Inategemea aina. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, limewaweka *fuscoguttatus* na *polyphekadion* kwenye kundi la walio hatarini kutoweka. *Lanceolatus* amewekwa kwenye kundi la wasio na takwimu za kutosha, jambo ambalo watu hulisoma kana kwamba ni habari njema.

Naweza kumwona wapi pwani yetu?

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995, na mwamba wa Chumbe karibu na Unguja ni mahali pazuri pa kuanzia. Kenya, mapango ya mdomo wa hori la Mida huko Watamu, ndani ya hifadhi ya tangu 1968, yalijipatia jina kwa sababu ya chewa wakubwa waliokaa humo.

Ingia maji yakiwa yamesimama, yameacha kujaa na hayajaanza kupwa, ili mkondo usikusukume ndani. Kaa pembeni ya mlango, usizibe mwanga, na usubiri. Kwanza utaona giza tu. Kisha sehemu moja ya giza itasogea, na jicho dogo litageuka kwenye tundu lake kufuata mkono wako ulioshika mwamba.